Mkono wa Kulia: Umeme na Mchezo katika Tiba ya Kiharusi

Mkono wa kulia, kama jina lenyewe lionyeshavyo, ni mkono wa kulia chakula. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mkono huo ndio ulao sinia moja na jamaa, ndio utoao salamu, na ndio ushikao sindano ya mshona kofia. Kiharusi kinapoupooza, mtu hupoteza zaidi ya nguvu. Hupoteza nafasi yake miongoni mwa watu. Makala haya yananuia kufafanua tiba inayounganisha umeme na michezo ya video ili kuurejesha mkono huo.

Ifahamike kwanza kuwa ugonjwa wenyewe haumo mkononi. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaouamuru mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaotawala lugha. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupoteza mkono na usemi kwa pamoja. Misuli ingali hai, ila amri haiifikii ipasavyo.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Vibandiko huwekwa juu ya ngozi ya kigasha, mkondo mdogo ukapitishwa, na vidole vikafunguka. Jayme Knutson na wenzake wa Cleveland, Marekani, walikwenda mbele zaidi. Mgonjwa huvaa glavu yenye vihisi kwenye mkono usioathirika. Anapoufungua, umeme huufungua ule uliopooza wakati uo huo. Hivyo basi, nia ya mgonjwa na tendo la mkono hukutana. Ama kwa hakika, mkono mmoja haulei mwana. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya wagonjwa 80, waliopimwa kwa idadi ya vipande vya mbao wanavyohamisha kwa dakika moja. Miezi 6 baada ya tiba, waliotumia glavu walikuwa wameongeza wastani wa vipande 4.6, wale ambao umeme wao uliendeshwa na mashine pekee, 1.8.

Mchezo nao una kazi gani? Mazoezi haya sharti yarudiwe mara nyingi, na marudio huchosha. Katika mchezo wa video, kufungua na kufumba mkono huendesha kitu kwenye skrini; mgonjwa hupata lengo, na huona papo hapo alipofikia.

Barazani hakuna glavu hiyo, lakini lipo bao, lenye mashimo 32 na kete 64 za kuokotwa na kuachiwa moja moja. Hatudai kuwa bao hutibu kiharusi, wala umeme wa nyumbani usijaribiwe kamwe. Tunalosema ni kwamba, kwa ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia, mgonjwa anayeweza kushika japo kete moja asiketishwe kando kama mtazamaji. Apewe zamu yake, na wenziwe wamsubiri.