Kumtafutia Mlevi Mwenzake: Huduma ya Kichungaji katika Usharika wa Kijijini

Makala hii yakusudia kueleza jambo ambalo mchungaji hukutana nalo mapema katika utumishi wake: Mkristo aliyefungwa na pombe anamjia, anataka kuacha, naye anauliza ni wapi atawapata watu wa kumsaidia.

Tuchukue mfano wa Ihanja, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Kwa Wanyaturu, kama kwa wakulima wengine wa mtama, pombe si kinywaji tu. Imekuwa kitu cha sherehe, shukrani kwa waliosaidia kulima, na mapato ya mama mwenye kulea watoto. Kwa hiyo aachaye pombe huachana pia na kundi lake. Asipopata kundi jingine, ni vigumu asirudi kilabuni, hata kama alitubu kwa machozi. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nayo gongo imekatazwa tangu zamani. Sheria hizo zina faida yake, lakini haziwezi kumpa mtu mwenzake wa kukaa naye jioni.

Hitaji hilo ndilo lililozaa ushirika uitwao Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson wa New York, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani. Shughuli zake zilikuwa zimeharibika, na tamaa ya kunywa ikamjia. Akampigia simu Walter Tunks, kasisi wa Kianglikana, ambaye jina lake alilipata katika orodha ya makanisa pale hotelini. Tunks alimpa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo Wilson akakutana na Dk. Robert Smith, tabibu aliyekuwa mlevi. Tarehe 10 Juni 1935, ambayo huadhimishwa kuwa siku Smith alipokunywa mara ya mwisho, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Mchango wa kasisi yule ulikuwa kutoa majina.

Utaratibu wa mikutano yao ni rahisi. Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, gharama hulipwa kwa michango ya wenyewe. Kila mmoja husimulia habari zake, na yaliyosemwa hayatolewi nje. Baadhi ya mikutano ni ya wazi, mingine ni ya walevi peke yao. Jamaa za walevi wana ushirika wao, Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951.

Basi, mchungaji wa Ihanja afanye nini?

Kwanza, ampeleke mtu huyo kwa mganga. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla aweza kutetemeka, kupatwa na degedege, na kuweweseka katika siku chache za mwanzo, hata kufa. Kumwamuru aache leo hii mbele ya madhabahu, bila matibabu, ni hatari.

Pili, aulize. Wahudumu wa afya ya akili, wa hospitali ya mkoa au wa Mirembe kule Dodoma, huweza kujua mahali pa msaada. Mikutano ya AA hufanyika katika miji kama Dar es Salaam na Arusha, na mingine hufanyika kwa njia ya intaneti.

Tatu, kama mkutano uko mbali, amtafute mtu wa pili. Wilson na Smith walikuwa wawili tu. Mchungaji awape chumba siku isiyo ya ibada, afungue mlango, kisha aondoke.

Hapo ndipo penye ugumu kwetu. Kijijini watu wote hufahamiana. Kwa hiyo kinachoweza kutunzwa si jina bali maneno. Mlevi akihofu kwamba aliyoyasema yatafika kwenye baraza la wazee, na kwamba atatengwa na Meza ya Bwana, hatakuja. Au atakuja na kusema uongo. Nidhamu ya Kanisa ina mahali pake, lakini chumba hicho si mahali pake. Wala habari za humo zisifanywe mifano ya mahubiri, hata kwa kuficha majina.

Wengine watauliza kama mkutano usioongozwa na mchungaji, na unaomwacha kila mtu amtaje Mungu kadiri amwelewavyo, unalingana na imani yetu. Swali hilo ni la haki. Mkutano huo hauwezi kushika mahali pa Neno na Sakramenti. Hata hivyo, Luther katika Makala za Smalkald, zilizoandikwa kwa ajili ya mwaka 1537, alipotaja njia ambazo Injili hutusaidia dhidi ya dhambi, aliongeza baada ya mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na funguo, mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Mtume naye aagiza tuchukuliane mizigo (Gal. 6:2). Wakristo wawili wasaidianao kuacha pombe hawako nje ya agizo hilo.

Kwa hiyo kila mtumishi apangiwapo usharika mpya ajitahidi kuwafahamu mapema watu wawili: mganga atakayempokea mgonjwa bila kumdharau, na mtu aliyekwisha kuacha pombe aliye tayari kuitwa hata usiku. Atakapobishiwa hodi, awe na majina ya kutoa.