Kadi ya Bima Kwenye Dirisha la Dawa



Mwalimu mstaafu mmoja wa upande wa Namswea alikuwa na shinikizo la damu, na alikuwa na kadi ya bima ya afya. Siku moja alikwenda kuchukua vidonge vyake, akaambiwa, "Hii haimo kwenye bima." Hakuuliza zaidi, wala hakuelezwa zaidi. Fedha za kahawa zilikuwa bado. Akakaa wiki tatu bila dawa. Tulimpokea wodini akiwa amepooza upande wa kulia.

La kusikitisha ni kwamba dawa yake ilikuwamo. Kwenye cheti iliandikwa kwa jina la kampuni, kumbe orodha ya bima ilitaja jina la dawa yenyewe. Ni kama Panadol: hilo ni jina la biashara, dawa yenyewe ni parasetamo.

Bima hulipaje dawa?

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga 1996, ukapata sheria yake 2001. Bima huwa na orodha ya dawa inazolipia, na vituo ilivyofunga navyo mkataba. Tena dawa nyingine hutolewa hospitali tu, si zahanati. Kwa hiyo "haimo" huweza kuwa na maana nne: haimo kabisa katika orodha, imo, lakini si kwa ngazi ya kituo hiki, imo, lakini imekwisha stoo, au imeandikwa kwa jina jingine. Kila moja ina njia yake ya kutatuliwa.

Mkoa wetu wa Ruvuma ndipo Maduka ya Dawa Muhimu yalipoanza kwa majaribio mwaka 2003. Baadaye Mfuko wa Taifa ulifunga mkataba na baadhi yake. Lakini si kila duka lina mkataba, wala si kila kadi hupokelewa dukani. Uliza kabla ya kupanda gari kwenda Mbinga mjini.

Mambo hubadilika pia. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama. Ambaye hakusikia redio aliijua habari hiyo akiwa mlangoni na mgonjwa wake.

Basi, wazazi, fanyeni hivi:

1. Ukiambiwa "haimo", uliza: kwa nini, na nifanye nini?
2. Kabla ya kununua kwa fedha yako, rudi kwa aliyekuandikia. Huenda ipo dawa ya kundi hilohilo inayolipiwa.
3. Usiache dawa ya shinikizo la damu, kisukari au kifafa kwa sababu ya jibu la dirishani. Rudi kituoni siku ileile.
4. Angalia kadi inakwisha lini, na nani katika familia wameandikishwa.
5. Mwenye habari mpya ya bima aipeleke kwenye jumuiya, wote wasikie.

Mwalimu wetu sasa anatembea kwa fimbo. Kadi na cheti huvitunza mama watoto, katika mfuko mmoja wa nailoni, na haondoki dirishani kabla hajaelewa jibu.