Mjusi wa Kufugwa: Kuchagua kwa Nyumba na kwa Mkono

Jua linapozama upande wa mbuga ya Wembere na taa kuanza kuwaka katika nyumba za Kinampanda, wilayani Iramba, ukuta wowote wenye taa hupata wageni. Kwanza huja nondo na kumbikumbi. Nyuma yao, kutoka katika nyufa za dari na nyuma ya fremu za madirisha, hutoka mijusi wadogo wa kijivu hafifu, wenye macho makubwa yasiyopepesa. Mchana ukuta huohuo ulikuwa na mijusi wengine kabisa: wa kahawia, wenye milia miwili mgongoni, wang'aao kana kwamba wamepakwa mafuta. Na juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, dume mmoja mwenye kichwa cha rangi ya machungwa na mwili wa samawati alikuwa akiinuka na kuinama, akiwatangazia majirani kwamba jabali lile lina mwenyewe.

Mahali penye mijusi wengi kiasi hiki si ajabu mwalimu wa biolojia, au mwanafunzi mdadisi, akitamani kumweka mmoja wao darasani au chumbani. Huko Ulaya na Marekani tamaa hiyo imekuwa biashara kubwa. Madukani huuzwa mjusi mwenye ndevu wa Australia, na mjusi wa madoa atokaye Pakistani na nchi jirani zake, ambao wengi wao leo ni wajukuu na vitukuu vya mijusi waliozaliwa vizimbani. Mnunuzi hushauriwa ajiulize mambo mawili: nyumba yake yaweza kumpa mnyama huyo nini, na je, anataka kumshika au kumtazama tu? Maswali hayo ni mazuri, na yanafaa kuulizwa Kinampanda pia, ijapokuwa majibu yake hapa hayawezi kuwa yaleyale.

Tuanze na nyumba. Mjusi huitwa mnyama mwenye damu baridi, jina ambalo hupotosha kidogo, kwani mjusi aotaye jua saa nne asubuhi aweza kuwa na damu yenye joto karibu sawa na ya mtu. Tofauti ni kwamba mwili wake hautengenezi joto la kutosha, hulichukua nje. Akipoa hutafuta jua, akipata joto la kutosha huingia kivulini, na kazi hiyo huifanya mara nyingi kwa siku. Asipofikia kiwango chake cha joto chakula hakisagwi tumboni, hata kama amekula vizuri. Kwa hiyo kizimba cha mjusi hakitakiwi kuwa na joto moja. Kinatakiwa upande mmoja uwe wa moto na mwingine wa baridi, ili mnyama achague mwenyewe.

Kinampanda ipo juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Mjusi wa porini huupitisha usiku huo ndani ya ufa wa jabali lililohifadhi joto la mchana. Mjusi aliyewekwa katika sanduku la mbao juu ya sakafu ya saruji hana jabali. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya upande wa pili. Chupa au sanduku la kioo likiachwa juani mwezi wa Oktoba, hewa iliyomo hupanda joto upesi kuliko hewa ya nje, na mjusi asiye na kivuli cha kukimbilia hufa katika muda wa dakika chache. Yamkini mijusi waliokufa hivyo mikononi mwa wanafunzi wenye nia njema ni wengi kuliko waliouawa kwa fimbo.

Kioo kina hila nyingine. Mijusi wengi wa mchana huhitaji mionzi ya urujuanimno ya jua ili ngozi zao zitengeneze vitamini D, nayo vitamini D ndiyo iwezeshayo mwili kutumia kalsiamu kujenga mifupa. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu mionzi yote ya aina hiyo. Mjusi afungiwaye nyuma ya kioo hupata mwanga na joto, lakini mifupa yake hulainika, taya hupinda, na miguu hushindwa kubeba mwili. Wafugaji wa ng'ambo hununua taa maalumu kwa ajili hiyo. Hapa jua ni la bure. Kinachohitajika ni wavu badala ya kioo.

Swali la mkono lina jibu fupi: hakuna mjusi apendaye kupapaswa kama apendavyo paka. Kwake mkono ushukao kutoka juu ni kipanga. Wapo wanaozoea na kutulia, wapo wasiozoea kamwe. Mijusi wa ukutani, wakishikwa, huuacha mkia. Mifupa ya mkia wao ina mahali palipoandaliwa pa kukatikia. Misuli hujibana, damu haimwagiki sana, na kipande kilichoachwa huendelea kurukaruka ili adui akitazame hicho. Mkia mpya huota, lakini ndani yake hamna pingili za mfupa, bali mrija wa gegedu. Kupoteza mkia si jambo dogo, kwani ndimo mafuta ya akiba yalimowekwa. Na mwenye kumshika mjusi yeyote hana budi kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana mijusi walio wazima kabisa huweza kubeba vijidudu vya salmonela viletavyo homa na kuhara.

Hofu ya sumu, kwa upande mwingine, yafaa iachwe. Hakuna mjusi wa Afrika Mashariki ajulikanaye kumdhuru mtu kwa sumu.

Sasa wagombea wenyewe. Kinyonga ndiye anayevutia kwanza, hasa kwa kuwa hakimbii. Aina ipatikanayo zaidi katika nyika za Tanzania ni ile yenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis. Macho yake hutazama pande mbili kwa wakati mmoja, na ulimi wake ukirushwa huweza kupita urefu wa kiwiliwili chake. Watu husema hubadilika rangi ili afanane na mahali alipo. Ukweli ni kwamba aghalabu hubadilika kwa sababu ya hofu, hasira, uchumba au joto. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya seli za ngozi mna fuwele ndogo mno ambazo umbali baina yao hubadilika, na rangi ya nuru inayorudishwa hubadilika pamoja nao. Heshima ya mnyama huyu imefika mbali: mwaka 2006 wanasayansi Tilbury, Tolley na Branch walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki na ya Kati, waliiita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili.

Hata hivyo kinyonga ni mfungwa mbaya. Hanywi maji ya bakuli, kwani aghalabu huyatambua maji yanapokuwa matone juu ya majani. Huishi peke yake, na kumwona kinyonga mwenziwe kila siku ni mateso. Huficha ugonjwa mpaka siku za mwisho. Yule atulivyo mkononi, watu wakidhani amezoea, mara nyingi ametulia kwa hofu. Rangi iliyokoza na kinywa kilichoachama ndiyo lugha yake. Mwenye kutaka kumwonyesha kinyonga darasani na amtafute kwa tochi usiku, wakati rangi yake hufifia na kuonekana wazi ncha za matawini, alitie tawi alama, na asubuhi alipeleke darasa kwenye mti.

Kenge hahitaji maneno mengi. Yule wa mitoni huweza kupita mita mbili, ana meno, kucha na mkia upigao kama mjeledi. Kitoto chake chaweza kukaa kiganjani na kumfanya mtu adhani amepata rafiki. Jimbo la Florida, Marekani, limejifunza habari hiyo kwa gharama: tangu miaka ya 1990 kenge wa Afrika waliotoroka au kutupwa na wafugaji wamestawi katika mji wa Cape Coral.

Mjusi wa majabali, yule wa rangi ya machungwa, huipoteza rangi yake karibu mara tu anapokamatwa, akawa wa udongo tu. Anayemtamani kwa uzuri wake atabaki na sanduku lenye mnyama asiye mzuri. Tena madume wawili hawakai pamoja. Guruguru, mjusi mnene wa mashimoni mwenye magamba kama matofali, ndiye ambaye kwa mizani ya mkono angeshinda: hutulia, hula wadudu hata matunda, na katika biashara ya ng'ambo husifiwa kwa upole. Lakini urefu wake hukaribia nusu mita, na mchimba mashimo hatosheki na kasha.

Juu ya hayo yote kuna sheria. Wanyamapori wa Tanzania hawakamatwi kwa hiari ya mtu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali, na vinyonga na kenge wamo pia katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwalimu atakaye kuweka mnyama na aanze kwa afisa wanyamapori wa wilaya, si kwa kutega mitego.

Sababu ya ukali huo yaonekana vizuri katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Humo huishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu kali, Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1952. Makao yake ni majani marefu ya aina moja ya mkadi, na msitu wenyewe una eneo la kilometa za mraba nne hivi. Mjusi huyu ana sifa zote ambazo mfugaji wa Ulaya huzitaka: ni mdogo, mzuri, huonekana mchana, na kasha dogo lamtosha. Sifa hizo karibu zimwangamize. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Mara nyingi mikadi ilikatwa ili wafikiwe, hata mjusi aliyeponyoka akakosa pa kurudi. Mwezi Mei 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka huohuo mkutano wa CITES mjini Johannesburg ulimweka mjusi wa Kimboza katika orodha ya kwanza, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya viumbe waliokamatwa porini. Mnunuzi wa London au Berlin alikuwa amechagua vema kwa nyumba yake. Hakuulizwa habari za nyumba ya mjusi.

Swali likigeuzwa hivyo, mgombea mmoja wa Kinampanda hubaki bila mpinzani, naye ni yule ambaye nyumba ya watu ni nyumba yake tayari: mjusi wa ukutani, aitwaye mjusi kafiri. Jina hilo limemletea fimbo nyingi asizostahili. Jenasi yake ni Hemidactylus, na aina mojawapo, H. mabouia, imevuka bahari pamoja na watu kutoka Afrika hadi Brazili na visiwa vya Karibi, ikakaa kwenye kuta za huko bila kualikwa. Hahitaji kizimba, wala taa ya kununuliwa, wala chakula. Taa ya nyumba humletea wadudu. Asubuhi huacha kinyesi cheusi chenye ncha nyeupe, na hiyo ncha ni somo la kutosha kipindi kimoja: ni mkojo uliokaushwa ukawa chokaa, kwa mnyama ambaye hawezi kupoteza maji.

Nyayo zake ni somo jingine. Watu wengi hudhani zina gundi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipima nguvu ya unywele mmoja wa wayo wa jamaa yake wa Asia, ambaye kila wayo una nywele kama 500,000, kila moja ikigawanyika ncha mamia. Ncha hizo hukaribia ukuta kiasi kwamba molekuli za pande mbili huvutana zenyewe, bila gundi wala utelezi.

Darasa laweza kumfuga mjusi huyu bila kumgusa. Ukuta mmoja wenye taa uchaguliwe. Kila jioni, saa moja na nusu, mijusi wahesabiwe, kipimajoto kisomwe, na hali ya mbalamwezi iandikwe. Wengi hutambulikana kwa mikia: huyu una mkunjo, yule ni mfupi wa rangi tofauti, maana umeota upya. Baada ya majuma machache itadhihirika nani hukaa karibu na taa na nani hufukuzwa pembeni. Daftari likifika Juni litaonyesha jambo ambalo halimo kitabuni, yaani ni kwa nyuzi ngapi za baridi mijusi wa Kinampanda huacha kutoka.

Mayai yao, mawili mawili, meupe na magumu kama ya ndege ila madogo kama punje za njegere, hupatikana nyuma ya ubao au katika ufa wa ukuta. Yasiondolewe, na hasa yasigeuzwe, kwa sababu kiinitete cha mjusi hujishikiza upande mmoja wa yai na kikigeuzwa hufa. Tarehe yaweza kuandikwa kwa chaki pembeni yake, na siku zihesabiwe mpaka ganda lipasuke.