Mpaka wa Siku katika Ujumlishaji wa Data za Vihisi: Mfano wa Vipimamvua vya Kujiendesha

Kipimamvua cha kujiendesha hakipimi mvua ya siku. Ndani yake mna kikombe kidogo kinachopinduka kila kinapojaa, mara nyingi kwa kiasi kinacholingana na milimita 0.2 za mvua, na chombo cha kumbukumbu huandika wakati wa kila mpinduko. Kinachoitwa mvua ya siku huundwa baadaye, mtafiti anapokusanya mipinduko iliyomo katika dirisha la wakati alilolichagua. Uteuzi huo ni rahisi kuupita kwa kuandika tu kwamba data zilijumlishwa kwa siku, ilhali ndio unaoamua matokeo.

Siku ipi? Katika vituo vya hali ya hewa vya Tanzania na Kenya, mvua ya saa 24 husomwa saa tatu asubuhi, yaani saa 06:00 za UTC. Data za siku za setilaiti, zikiwamo za IMERG, hufungwa saa 00:00 za UTC, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Madirisha haya yana urefu uleule, lakini mipaka yake inapishana kwa saa sita. Tuchukulie kwamba milimita 30 zimenyesha saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne. Kwa setilaiti, mvua hiyo ni ya Jumanne. Kwa kituo, imo katika dirisha lililofunguliwa Jumatatu asubuhi. Dirisha likipewa jina la siku lilipoanza, jedwali litaonyesha milimita 30 Jumatatu na sifuri Jumanne. Mlinganisho wa safu hizo mbili utaihukumu setilaiti kwa makosa mawili, kwamba imeikosa mvua ya Jumatatu na kuzua ya Jumanne, ingawa kosa limo katika jedwali. Kulipa dirisha jina la siku linapofungwa hakuponyi tatizo, kwani mvua ya alasiri ya Jumanne itahamia Jumatano. Athari ni kubwa zaidi katika Ziwa Viktoria na visiwa vyake, ambako dhoruba nyingi hutokea usiku na alfajiri. (Msemaji wa Kiswahili anayetaka kuepuka utata wa aina hii husema “usiku wa kuamkia Jumanne”.)

Kwa hiyo mipinduko ijumlishwe kwanza kwa saa moja moja, kisha saa hizo zijumlishwe kuwa siku yoyote inayohitajika. Jumla za saa zaweza kupangwa upya. Jumla ya siku haigawanyiki tena. Mwanzo wa dirisha uhesabiwe kuwa ndani yake na mwisho wake kuwa nje, ili mpinduko wa saa tatu kamili usihesabiwe mara mbili.

Kanuni ya ujumlishaji nayo hutegemea kinachopimwa. Mvua hujumlishwa, halijoto hutafutiwa wastani. Mwelekeo wa upepo haukubali wastani wa kawaida: nyuzi 350 na nyuzi 10, zote za upepo wa kaskazini, zitatoa nyuzi 180, na kaskazini itakuwa imegeuzwa kusini. Hapo hutumika wastani wa vekta.

Linalohitaji tahadhari kubwa kuliko yote ni ukimya. Kipimamvua kisichoandika chochote huenda hakikupata mvua, au huenda faneli yake imezibwa na majani au betri imekwisha. Wastani wa halijoto hustahimili mapengo machache. Jumla ya mvua huyageuza mapengo kuwa ukame. Kigezo cha kukubali dirisha lenye asilimia 75 ya vipimo, kinachotumika sana katika data za ubora wa hewa, hakitoshi hapa, kwa maana mvua yote ya siku yaweza kunyesha katika robo iliyopotea. Chombo cha kumbukumbu kipangwe kuandika sifuri na hali ya betri kila baada ya muda maalumu, na kila jumla iandamane na safu ya dakika zilizofuatiliwa kwa hakika. Kuziba kwa faneli, hata hivyo, hakuonekani katika safu hiyo: chombo kitaendelea kuandika sifuri kwa uaminifu, na tofauti itajulikana kwa kulinganisha na kituo jirani au kwa kwenda kukitazama kipimamvua chenyewe.