Fomu inayouliza wewe ni mtu wa namna gani



Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Uvira, ambaye analinda magari hapa Bluff upande wa Brighton Beach, alinisubiri mpaka nikamaliza zamu. Alikuwa ameomba kazi ya ulinzi, akapewa fomu ya maswali zaidi ya mia moja kwa Kiingereza, kisha akaambiwa hakufaa kwa sababu tabia yake haiendani na kazi hiyo. Akaniuliza, "Mama, wamejuaje tabia yangu na hawajawahi kuishi na mimi?"

Swali lake ni zuri, na linatuhusu wengi tunaotafuta maisha ugenini.

Kwanza mjue kwamba hakuna mashine inayoona tabia. Wataalamu wa saikolojia wanakusanya majibu tu. Mgawanyo unaotumika sana siku hizi ni wa sifa tano: uchangamfu mbele za watu, upole na kuelewana na wenzako, bidii na utaratibu, wepesi wa kupatwa na wasiwasi, na kupenda mambo mapya. Kila sifa inaulizwa kwa maswali kadhaa, kwa kuwa swali moja linaweza kudanganya. Majibu yanajumlishwa, halafu jumla yako inalinganishwa na ya watu waliopimwa kabla yako. Hapo ndipo pa kuangalia. Presha ya 120/80 ni ile ile ukipimwa Kigoma au Durban, lakini alama ya tabia peke yake haisemi kitu mpaka ujue umelinganishwa na nani.

Kipimo kizuri kinatakiwa kiwe thabiti na kiwe halali. Mizani inayokupa kilo 60 asubuhi na 75 jioni si thabiti. Mizani inayokuzidishia kilo tatu kila siku ni thabiti, ila bado inakudanganya, kwa hiyo si halali. Fomu ya tabia inaweza kuharibika kwa njia zote mbili, na mara nyingi kinachoiharibu ni lugha.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilisomea uuguzi nyumbani, nikaja kuongeza masomo huku, na siku ya kuomba kazi yangu ya kwanza nikapewa fomu iliyouliza kama kuna wakati najisikia "buluu". Kwa nesi, mtu wa buluu ni mtu aliyekosa oksijeni! Nikajibu hapana, kwa nguvu zote. Baadaye nikaja kujua kwamba kwa Waingereza neno hilo ni huzuni, na mwaka ule nilikuwa na huzuni nyingi tu.

Si mimi peke yangu. Mwaka 1999 watafiti Abrahams na Mauer walichunguza kipimo maarufu cha Kimarekani kiitwacho 16PF kwa wanafunzi wa Afrika Kusini, wakaona wale ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani hawakuelewa maneno mengi yaliyomo. Mwaka 2005 Deon Meiring na wenzake walichapa utafiti juu ya maelfu ya watu walioomba kazi ya polisi. Kipimo cha tabia walichotumia kilikuwa na sehemu ambazo uthabiti wake ulikuwa mdogo mno kwa wasemaji wa lugha za Kiafrika.

Kuna mtego mwingine ambao sisi Waswahili tunaingia bila kujua. Nyumbani mtu akikuuliza "Hujala?" unajibu "Ndiyo, sijala." Mwingereza hapo angesema hapana. Sasa fomu ikiuliza, "Je, hupendi kukaa na watu?" ukajibu kwa mazoea ya kwetu, unaweza kuandikwa kinyume kabisa cha ulivyo. Ongeza na adabu tuliyolelewa nayo ya kumkubalia mkubwa kila anachosema. Ukikubali kila kitu, alama zako zinavurugika.

Tena msijipambe. Fomu nyingi zina maswali ya kumnasa anayejisifu, kwa mfano "Sijawahi kusema uongo maishani." Ukisema ni kweli, wanaanza kukutilia shaka.

Dawa ya tatizo la lugha ipo, ila ni kazi kubwa. Hapa Afrika Kusini watafiti wa mradi uitwao SAPI hawakuanza na fomu ya Ulaya. Waliwahoji watu zaidi ya 1,200 katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati ule, wakawaomba waeleze kwa maneno yao watu wanaowafahamu. Matokeo waliyochapa mwaka 2012 yalitoa makundi tisa ya sifa, na mengi yalihusu jinsi mtu anavyoishi na wenzake: moyo wa huruma, uadilifu, kudumisha maelewano, kuwaongoza na kuwasaidia wengine. Mtu wa kwetu akisoma orodha hiyo hashangai. Mama yangu akimsifia mtu alianza na kama anaenda msibani.

Hapa Bluff tunajua madhara ya kubandikwa jina. Kuanzia mwaka 1873 waliletwa Durban watumwa walioachiwa huru, wakaja kukaa King's Rest, na wakaitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Serikali ya ubaguzi ikawaandika kuwa Waasia wa aina nyingine, ikawahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Karatasi moja ofisini, na watu wakahama makaburi ya wazee wao.

Leo sheria iko upande wako zaidi. Sheria ya Usawa katika Ajira, namba 55 ya 1998, kifungu cha 8, inakataza kumpima mfanyakazi kisaikolojia isipokuwa kipimo kimethibitishwa kisayansi kuwa halali na thabiti, kinaweza kutumika kwa haki kwa wafanyakazi wote, na hakibagui mtu au kundi lolote. Kifungu cha 9 kinawahesabu na waombaji kazi. Kwa hiyo ukiletewa fomu, uliza kwa upole: kipimo hiki kinaitwaje, nani amesajiliwa kukisimamia, na je, kimejaribiwa kwa watu wa lugha yangu? Neno usilolielewa liulizie kabla ya kuweka alama. Ukiona umebaguliwa, malalamiko yanapelekwa CCMA, ndani ya miezi sita.

Msichanganye fomu hizi na zile za kliniki zinazouliza kuhusu usingizi, hamu ya kula au mawazo ya kujidhuru. Zile ni za kukutibu. Zijibu kwa ukweli wote, na lugha ikikushinda omba mkalimani.

Kijana wa Uvira tumeandika naye barua Jumapili, mezani kwangu, ukurasa mmoja tu. Ameomba jina la kipimo na nafasi ya kuelezwa matokeo yake. Ameipeleka kwa mkono, na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa.