Upara wa Ngozi Nene: Maradhi ya Kichwa Yaliyokosa Jina

Kiswahili hakijapungukiwa na msamiati wa maradhi ya kichwani. Kuna mba, kuna mapunye, kuna upara. Hata hivyo, yapo maradhi adimu yasiyoingia katika kapu lolote kati ya hayo, nayo madaktari huyaita alopesia ya lipidema. (Neno alopesia lina asili yake katika jina la Kigiriki la mbweha, mnyama anyonyokaye manyoya akipatwa na upele. Wagiriki hawakuwa na huruma katika kutoa majina.)

Mwaka 1935 daktari Cornbleet wa Marekani alieleza habari za mwanamke mweusi ambaye ngozi ya kichwa chake ilikuwa imenenepa na kulainika mithili ya sifongo. Mwaka 1961 Coskey na wenzake wakaeleza wanawake wawili, weusi vilevile, ambao pamoja na unene huo walikuwa wakinyonyoka nywele. Baadaye maradhi haya yameonekana kwa watu wa asili nyingine, wanaume wakiwemo, ingawa aghalabu huwapata wanawake watu wazima.

Chini ya ngozi ya kichwa mna tabaka la mafuta. Kwa mgonjwa, tabaka hilo huongezeka, hasa kuanzia utosini au kisogoni, hata unene ambao kwa kawaida ni takriban milimita 5 au 6 ukapindukia 10. Kidole kikibonyeza huzama mpaka kwenye fuvu. Kikiondolewa, ngozi huinuka tena kama godoro. Nywele nazo hutoka kabla ya kurefuka, na mara nyingi hazipiti sentimita 2. Baadhi ya wagonjwa huwashwa au huumwa. Wengine hawahisi lolote.

Kukosekana kwa jina si jambo dogo. Kisicho na jina huazimwa jina la jirani: mwanamke huambiwa ana mapunye, akapakwa dawa ya kuvu, au hulaumiwa kwa misuko na dawa za nywele. Ni kweli kwamba misuko inayovuta mno huharibu nywele, lakini chanzo cha maradhi haya hakijajulikana. Hayaambukizi, wala si saratani.

Daktari wa ngozi huyatambua kwa kupima unene kwa picha na kuchunguza kipande kidogo cha ngozi kwa darubini. Tiba ya uhakika haijapatikana. Dawa za kutuliza uvimbe zimejaribiwa, upasuaji pia, kwa matokeo yanayotofautiana. Aliyepakwa dawa ya mapunye kwa miezi bila nafuu ana haki ya kumwomba daktari ambonyeze utosi kwa kidole.