Mshika Mbili Aliyezipata Zote

Wahenga walinena mshika mbili moja humponyoka. Usemi huo sina ugomvi nao, lakini yupo bwana mmoja wa mji wa Dallas, Marekani, ambaye kila nikimkumbuka hunitia shaka. Jina lake Michael Carter.

Mwezi wa Juni 1979, akiwa bado kijana wa sekondari, Carter alirusha tufe la pauni 12 umbali wa mita 24.77, ndiyo futi 81 na inchi tatu u nusu. Rekodi ya shule aliyoikuta ilikuwa futi 72 na kitu. Watu huvunja rekodi kwa inchi, ndugu msomaji. Yeye aliipita kwa futi tisa! Tangu siku hiyo hakuna mvulana wa shule huko Marekani aliyefikisha hata futi 80.

Mwaka 1984 timu ya 49ers ya San Francisco ilimchagua acheze mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononni na kupigana vikumbo. Hakuliacha tufe. Tarehe 11 Agosti, katika Olimpiki ya Los Angeles (ile ambayo Julius Korir alituletea dhahabu ya kuruka viunzi na maji), alirusha mita 21.09 akapata nishani ya fedha. Mtaliano Alessandro Andrei alirusha 21.26. Sentimita 17 tu, haifiki shibiri.

Je, lau angelishughulikia tufe peke yake, shibiri hiyo angaliipata? Watu wa barazani watasema naam. Mimi naona michezo hii miwili ni ndugu wa toka nitoke. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, yaani pakiti tatu u nusu za unga na ziada kidogo, na mrushaji hulisukuma kutoka ndani ya duara la futi saba. Nguvu haitoki mkononi, hutoka miguuni, hupanda kiunoni, hupita begani, yote kwa muda wa kufumba na kufumbua. Na kazi ya Carter uwanjani ilikuwa nini? Kuinama katikati ya mstari wa ulinzi, uso kwa uso na majitu ya upande wa pili, na mpira ukitolewa tu, kuyasukuma kabla hayajamsukuma yeye. Kwa mwili wake wa zaidi ya pauni 280, ukimwona utadhani analirusha tufe lenye miguu!

Tarehe 20 Januari 1985, miezi mitano na siku chache baada ya Los Angeles, 49ers waliwafunga Miami Dolphins 38 kwa 16 wakatwaa ubingwa wa Super Bowl. Nishani ya Olimpiki na ubingwa huo katika msimu mmoja, hakuna mwingine aliyepata kabla yake. Akaongeza ubingwa wa 1989 na wa 1990.

Tufe nalo halikutoka nyumbani kwake. Bintiye, Michelle, alilishika, na kocha wake akawa ni baba mwenyewe. Huko Rio mwaka 2016, hadi raundi ya mwisho Valerie Adams wa New Zealand alikuwa mbele kwa mita 20.42, akiwinda dhahabu ya tatu mfululizo. Michelle akaingia duarani kwa mrusho wake wa sita, akatupa 20.63. Mara hii tofauti ilikuwa sentimita 21, na iliangukia upande wa akina Carter.